Vanila kibanjani: tangu rando hadi ganda kukauka

Vanila nyingi nilizoona zikifa zimeuliwa na bidii ya mwenye shamba. Amelifukia rando, yaani kipande cha shina cha kupandia, kama anayepanda muhogo, akalimwagia maji asubuhi na jioni, akapalilia kwa jembe hadi shinani. Lililonusurika likatoa maua, naye akayachavusha yote, mmea ukazaa mpaka ukakauka. Mimi mwenyewe msimu wa kwanza nilipanda marando arobaini, na kufikia masika ya pili yalikuwa yamebaki kumi na moja. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitaeleza ya kufanya, lakini nitakaa zaidi pale ambapo mkulima inambidi auzuie mkono wake.

Ninaandika nikiwa Kagera, upande wa ziwa, ambako vanila huingia vizuri ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hewa ina unyevu, na baridi wala joto havizidi mno. Aliyeko Muheza, milima ya Uluguru, Unguja au Mukono kule Uganda anaweza kufuata hatua hizi hizi, akibadilisha miezi tu kulingana na mvua za kwao.

Kwanza uujue mmea wenyewe. Vanila ni okidi, asili yake misitu ya Meksiko na nchi jirani. Hutambaa na kupanda juu ya miti, na ina mizizi ya aina mbili. Ipo inayotoka kwenye kila fundo ikashika gome la mti; hiyo kazi yake kubwa ni kujishikiza. Na ipo inayokula, ambayo hutambaa juu juu tu ndani ya majani yaliyooza, haizami kwenye udongo. Ukilikumbuka hilo la mizizi, makosa mengi hutayafanya.

Miti na kivuli huanza, vanila hufuata

Panda miti ya kuegemea miezi sita hadi mwaka mmoja kabla ya vanila, ili rando likifika likute mti umeshika na una majani. Huku kwetu tunatumia mbono, ule ambao wengine huuita mbono kaburi. Hushika kwa kipande cha tawi tu, gome lake linapokea mizizi, na ukiukata huchipua upya. Glirisidia nayo ni nzuri, tena huongeza naitrojeni ardhini na majani yake hufaa kwa matandazo. Mkaratusi usiupande: unanyonya maji na gome lake linabanduka, vanila inaanguka nalo. Mgomba nao ni jirani mwema kwa kivuli, lakini usiufanye nguzo, maana siku ukikata mkungu nguzo yako imekwisha.

Kata vipande vya mbono vyenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, unene wa kifundo cha mkono. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe mita mbili na nusu, na mti hadi mti mita mbili. Ukishachipua, uachie matawi kuanzia usawa wa bega lako, yaliyo chini yake uyapogoe. Urefu huo una sababu: kila ua utalishika kwa vidole vyako. Nimeona mashamba ambamo vanila imeachwa ikapanda mita nne juu ya mparachichi, imestawi kweli kweli, na maua yanafunguka huko juu na kuanguka bila mtu kuyafikia.

Kivuli kipime saa sita mchana jua likiwa utosini. Simama katikati ya mistari utazame chini: nusu ya ardhi iwe na madoa ya jua, nusu iwe na kivuli. Jua likizidi majani huwa ya njano na kuungua kingo. Kivuli kikizidi rando hurefuka jembamba, fundo moja mbali na jingine, na maua huyaoni.

Kuchagua rando

Rando fupi la mafundo mawili matatu ni rahisi mfukoni, lakini litakusubirisha miaka mitatu hadi minne kabla ya ua la kwanza. Tafuta lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, lenye mafundo manane na kuendelea, unene wa kidole kidogo. Mwombe muuzaji akuoneshe mmea mama ukiwa shambani. Ukiona majani yenye mabaka ya kijani kilichofifia, au yaliyojikunja, ondoka; hivyo ni virusi, na virusi vya vanila havina dawa, vitasafiri na mkasi wako hadi mmea wa mwisho. Rando lililotoka kuzaa mwaka huo huo pia liache.

Likishakatwa, usilikimbize shimoni. Litundike kivulini, mahali penye hewa, siku saba hadi kumi. Litalegea na kupinda bila kuvunjika, na jeraha litakauka. Kuvu anayeozesha mizizi ya vanila, fusari, hupenda kuingia kupitia kidonda kibichi. Katika marando yangu ishirini na tisa yaliyokufa, mengi niliyapanda siku ile ile niliyoyaleta, tena nikijisifu kwa kuwahi.

Siku mbili tatu kabla ya kupanda, kata majani ya mafundo matatu ya chini kwa wembe safi, ukiacha kikonyo kidogo. Usiyanyofoe, maana yanachubua shina.

Kupanda bila shimo

Subiri mvua zianze kutulia, ardhi iwe imelowa lakini haituami maji. Palipo na tope, tengeneza tuta.

Ng'oa magugu kuzunguka mti, kisha weka kitanda cha mboji na majani yaliyooza, unene wa sentimita kumi hadi kumi na tano, kikienea karibu nusu mita kila upande. Lilaze rando juu ya kitanda hicho. Mafundo matatu uliyoyaondolea majani yafunike kwa matandazo mepesi, sentimita mbili tatu, yasizidi hapo. Ncha iliyokatwa iache nje, ichungulie hewani. Ukiifukia, kuoza kutaanzia hapo hapo na kupanda juu. Sehemu iliyobaki iinue ukaifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba mkavu, fundo legevu. Kamba hiyo itaoza yenyewe wakati mizizi imekwisha kushika gome. Waya na nailoni hukata shina.

Maji, ni pale tu mvua ikikatika kwa juma zima. Chota konzi ya matandazo uyakamue: yakiwa kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa, yaani yana ubichi lakini hayadondoshi, usimwagie kitu. Chipukizi la kwanza huweza kuchukua wiki nne hadi nane. Katika muda huo watu wengi hufukua ili kuangalia kama limeshika. Tafadhali usifukue.

Miaka miwili ya matandazo

Hapa kazi ni mbili tu, ila haziishi: kuongeza matandazo na kushusha rando.

Matandazo yawe ya majani makavu ya migomba, nyasi, maganda ya kahawa yaliyooza. Ongeza kila yanapopungua, angalau mara mbili au tatu kwa mwaka. Shina uliache likipumua, usilirundikie. Jembe lisiingie kabisa kwenye kitanda cha vanila. Magugu yang'olewe kwa mkono, na hata hapo taratibu, maana mizizi imejisokota humo humo. Mbolea ya chumvichumvi sijawahi kuitumia na sioni haja. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Samadi mbichi inaunguza.

Adui mkubwa kuliko mdudu yeyote kwangu amekuwa kuku. Kuku akiona matandazo ameona chakula: atachakura hadi mizizi yote ibaki juani, na mchana mmoja unatosha kuua mmea wa miaka miwili. Zungushia uzio wa fito au uwafungie kuku. Baada ya hao ni konokono, wanaotafuna vichipukizi na vitumba vya maua usiku. Waokote kwa mkono alfajiri.

Rando likifika kwenye panda la mti lisiachwe liendelee kupanda. Lipitishe juu ya panda, lining'inie upande wa pili. Likikaribia ardhi, chukua sehemu ya mafundo mawili uilaze kwenye matandazo uifunike kidogo, halafu ncha uirudishe kwenye mti ianze kupanda tena. Sehemu uliyoilaza itatoa mizizi mipya inayokula. Hii ndiyo bima ya mmea: shina la kwanza likioza, mmea unaendelea kuishi kwa mizizi ya pili na ya tatu. Rando linaponing'inia ndipo pia linapotoa maua, likiwa limekwisha kuzoea kwamba njia ya juu imefungwa.

Mwaka wa tatu, kiangazi kinapoingia, acha kumwagilia kabisa. Kata ncha za marando yanayoning'inia, sentimita kumi hadi kumi na tano. Punguza matawi ya mbono ili mwanga uongezeke kidogo. Kiu ya miezi miwili ndiyo inayoiamsha vanila. Ukiihurumia kwa ndoo za maji itakupa majani.

Ua la asubuhi moja

Vichala vya maua hutoka kwenye makwapa ya majani, kila kichala na vitumba kumi na tano hadi ishirini au zaidi. Kwa kawaida hufunguka kimoja kwa siku, mara chache viwili. Ua ni la kijani kilichochanganyika na njano, karibu rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Hufunguka alfajiri, na jua likikaza mchana limekwisha kunyauka. Lisipochavushwa asubuhi hiyo, kesho utalikuta chini.

Kwao Meksiko wapo nyuki wanaoifahamu kazi hiyo. Kwetu hawapo. Wazungu walipoipeleka vanila kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi ikakaa miaka ikistawi bila kuzaa, mpaka mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius, alipogundua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Biashara yote ya vanila ya Madagaska, Komoro na huku kwetu imesimama juu ya mkono wa mtoto yule, na yeye alikufa maskini mwaka 1880. Kila msimu nikishika kijiti namkumbuka.

Namna yenyewe ni hii. Chukua kijiti chenye ncha butu, unene wa njiti ya kiberiti iliyochongwa. Mwiba wa mlimau uliosuguliwa ncha unafaa sana. Shika ua kwa mkono wa kushoto, mgongo wa ile nguzo ya katikati ukiegemea kidole cha kati. Kwa kijiti, pasua taratibu ule mdomo wa ua uliojikunja kama bomba, uushushe. Sasa utaona nguzo nyeupe. Juu yake, kwenye ncha, kuna kofia ndogo yenye chavua ya njano iliyoshikana kama nta laini. Chini ya kofia kuna kiulimi chembamba kilichoning'inia mithili ya pazia, na nyuma ya kiulimi ndipo ulipo uke wa ua, unang'aa kwa utomvu unaonata. Kiulimi hicho ndicho kinachozuia ua kujizalisha lenyewe.

Ingiza kijiti chini ya kiulimi, ukiinue hadi kilale nyuma. Kikishainuka, tumia kidole gumba cha mkono wa kushoto kuisukuma kofia ya chavua ishuke iguse uke. Bonyeza kidogo, kiasi cha kupima kama embe limelainika. Toa kijiti. Basi.

Siku ya kwanza nilichana maua thelathini kabla moja halijakubali. Mama mkubwa mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye ameifanya kazi hii tangu ujana wake, alinisimamia akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, mbona unalibana kama unamkamata panzi? Lishike kana kwamba litakukimbia ukikaza." Alikuwa akifanya moja kwa muda ambao mimi nilikuwa bado naupasua mdomo. Mtu mzoefu huchavusha maua zaidi ya elfu moja kwa asubuhi moja, na wengi wa wazoefu hao niliowaona ni akina mama.

Anza saa kumi na mbili na nusu kunapopambazuka vizuri, umalize saa tano. Mvua ikinyesha asubuhi, subiri maua yakauke, kwa sababu chavua iliyolowa haishiki. Baada ya siku mbili kagua: ua lililokubali limenyauka lakini limeng'ang'ania, na kikonyo chake kimeanza kunenepa. Lililokataa limeanguka.

Na hapa ndipo pa kujizuia kuliko pote. Ukiona vichala ishirini, tamaa inakwambia chavusha vyote. Kwenye kichala kimoja achia maganda manane hadi kumi, ukichagua maua ya upande wa chini ili maganda yaning'inie yamenyooka. Mmea wenye nguvu ubaki na vichala kumi hivi; unaozaa mara ya kwanza, vitano. Ukishapata idadi yako, vunja vitumba vilivyobaki. Inauma kuvunja kitumba kizima chenye afya, najua. Lakini mmea uliozaa kupita uwezo hutoa maganda mafupi, membamba, na mwaka unaofuata huna mmea.

Miezi minane, tisa

Ganda hurefuka haraka. Ndani ya wiki sita hadi nane limefikia urefu wake wote, sentimita kumi na tano hadi ishirini na zaidi kidogo, la kijani, limenona. Linaonekana tayari na haliko tayari. Linahitaji miezi minane hadi tisa tangu kuchavushwa, kwa sababu vitu vinavyokuja kuwa harufu hujengeka humo mwishoni. Andika tarehe ya kuchavusha kwenye kibao ukifunge kwenye mti. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Wezi nao wanahesabu miezi. Wakulima wengi huvuna mapema kwa kuogopa kuibiwa, na ganda changa likikaushwa huota ukungu na halinukii. Madagaska wakulima huchora alama zao kwenye maganda mabichi kwa pini, na alama hubaki hata baada ya kukauka. Mimi nafanya hivyo hivyo: vitone vitatu karibu na kikonyo, ganda likiwa na miezi mitano. Kwa majirani zetu Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna, na aliye na vanila kabla ya hapo ana la kujieleza. Huku tumekubaliana wenyewe kwenye kikundi, na tunalinda kwa zamu.

Ganda lililokomaa huanza kuwa njano kwenye ncha ya chini. Vuna moja moja, kila baada ya siku moja au mbili, usikate kichala kizima. Ukichelewa litapasuka.

Kukausha, kwa atakayetaka

Wakulima wengi huuza bichi, na si vibaya. Ila ganda bichi halina harufu ya vanila hata kidogo. Harufu huzaliwa kwenye ukaushaji, na karibu kilo sita za bichi hutoa kilo moja kavu.

Chemsha maji, kisha yaache yapoe hadi nyuzi 63 hadi 65. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole. Tia maganda kwenye kikapu, uyatumbukize dakika tatu. Lengo ni kuliua ganda lisiendelee kuishi, wala si kulipika. Yatoe yangali moto, uyafunge kwenye blanketi zito la rangi ya kiza, uyaweke ndani ya sanduku usiku na mchana mzima. Ukifungua kesho yake utayakuta yamekuwa ya kahawia kama kahawa iliyokaangwa, yana jasho, na harufu imeanza.

Kisha kila siku yenye jua uyaanike juu ya blanketi saa moja au mbili hadi yawe ya moto mkononi, uyafunge tena yakiwa na joto lake, yalale. Endelea hivyo wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo yahamie kivulini, kwenye chanja yenye hewa, miezi miwili au mitatu. Kila siku chache yapitishe kati ya vidole ukiyanyoosha. Ndipo utakapojua lililokauka. Ganda zuri hujisokota kwenye kidole bila kuvunjika, likang'aa mafuta, lakini halilowanishi mkono.

Mwisho yafunge mafungu kwa ugongo, uyaviringishe kwenye karatasi ya nta, uyapange kwenye sanduku la mbao lililofunikwa, miezi mitatu mingine ili harufu ikolee. Wakati huo ndipo umtafute mnunuzi kwa utulivu. Bei hupanda na kushuka vibaya: mwaka 2018 kilo ya vanila kavu ilivuka dola 500 kwenye soko la dunia, na baadaye ikaporomoka. Anayekuja kijijini na hesabu za utajiri wa mwaka mmoja, akitaka umlipe kwanza ili akulimie, mwulize ua linafunguka saa ngapi. Mimi niliwahi kumsikiliza mmoja bila kumwuliza, na fedha zile sikuziona tena.

Sanduku lifunguliwe kila wiki. Nusa kabla ya kutazama. Lenye ukungu litoe siku hiyo hiyo, lifute kwa kitambaa kilicholowa pombe kali na liwekwe peke yake. Likirudia, litupe, na yaliyokuwa yamelizunguka uyaanike upya saa moja juani.